Tupeane uzoefu: Mbega wa Tanga wanavyotutoka

Mzaliwa wa Muheza: Ndugu zangu, juzi nililala Amani, kwenye hifadhi ya msitu, na alfajiri nikasikia mngurumo wa mbega ukitoka upande mmoja tu wa bonde, ilhali utotoni mwangu kundi moja likinguruma, jingine lilijibu ng'ambo. Mwenye kumbukumbu aieleze.

Bi Pangani: Hata huku kwetu ni hivyo hivyo.

Binti Zigi: Kijijini kwetu miti mikubwa ilikatwa kwa ajili ya mkaa, mbega wakakosa matawi ya kurukia, wakaanza kupita kwenye nyaya za umeme. Asubuhi moja nilimkuta jike amekufa chini ya nguzo, na kitoto chake, bado cheupe pe kama wazaliwavyo wote, kimemng'ang'ania tumboni huku mbwa wakikaribia. Niliwafukuza kwa jembe, nikakifunika kwa kanga, nacho kikanishika kidole kwa vidole vyake vinne, maana mbega hana gumba. Afisa wanyamapori alipofika jioni, kilikuwa kimekwisha kata roho. Mshiko ule ninausikia hadi leo.

Bi Pangani: Pole sana, mwanangu.

Mkulima wa Iliki: Pole dada, lakini sisi wanaotumalizia mahindi tunapewa pole na nani?

Mzaliwa wa Muheza: Kaka, huyo ni ngedere. Mbega hula zaidi majani, na hashuki chini ila akikosa miti. Iliki nayo ina lawama, kwa sababu hulimwa kivulini, miche ya msituni ikafyekwa, na mti mkubwa ukianguka hakuna wa kuurithi.

Mkulima wa Iliki: Iliki ndiyo iliyonisomesha. Wenzetu wa Derema walilipwa fidia ya mashamba yao ya iliki ili msitu wa huko uungane na ule wa Amani. Fidia huisha, shamba huzaa kila mwaka.

Bi Pangani: Msigombane. Ngedere mfukuzeni kwa moshi wa pilipili kavu.

Mkulima wa Iliki: Nilijaribu, bibi, wakarudi siku ya pili. Dawa ni mbwa.

Binti Zigi: Mbwa hapana, nakuomba, kwani hawatofautishi ngedere na mbega. Diani, nchini Kenya, wamefunga madaraja ya kamba juu ya barabara na mbega huyatumia. Kamba ya katani tunayo. Anayemjua fundi wa kupanda miti mirefu aniambie, tuifunge mbali na nyaya kabla ya masika.

Mkulima wa Iliki: Mdogo wangu hupanda minazi. Nitakuja naye Jumamosi.