Ushauri: Nataka kondoo wabebe mimba kabla ya katikati ya Desemba, nitumie homoni?

Mfugaji wa Ganda:
Assalam alaykum ndugu zangu. Nafuga kondoo huku Ganda, Malindi, wengi ni chotara wa Dorper na wale wa Kisomali wenye vichwa vyeusi. Shida yangu ni kwamba wanazaa kwa kutawanyika. Idd el-Adha ikifika, waliotimiza umri ni wachache na hawalingani. Sisi Mashafii kondoo wa kuchinja atimize mwaka, au awe ameng'oa meno ya mbele baada ya miezi sita. Mimi nataka mwaka kamili, nisimtie mtu shaka katika ibada yake. Kwa hiyo wa Idd ya 2028 azaliwe kabla ya Idd ya 2027, inayotarajiwa katikati ya Mei. Mimba ni miezi mitano, basi majike wawe wamepandwa kufikia katikati ya Desemba. Wakati huo vuli inakatika, kaskazi inaingia, na majike wangu hawamtaki dume. Muuza dawa ameniambia kuna sponji za homoni. Je, zafaa? Na kuna njia isiyo ya dawa?

Mchunga wa Witu:
Waalaykum salaam. Kaka, dume wako analala na majike mwaka mzima?

Mfugaji wa Ganda:
Ndiyo, zizi moja, malisho mamoja.

Daktari wa Mifugo Kilifi:
Hapo ndipo pa kuanzia. Kondoo wa Ulaya huacha kupata joto, yaani hamu ya kupandwa, kwa sababu ya urefu wa mchana, ndiyo maana wenzetu kule hutumia homoni kuwapandisha nje ya msimu. Malindi iko karibu na ikweta, mchana haubadiliki sana. Majike wako wanaacha kupata joto kwa njaa, na dume waliyemzoea hawashtui tena.

Mwondoe dume mwanzoni mwa Oktoba. Asionekane, asisikike, harufu yake isifike. Mabeberu wa mbuzi nao wakae mbali, maana harufu yao pia huwaamsha kondoo. Karibu na tarehe 10 Novemba waingize madume, na wakiwa wageni kabisa kwao ni bora zaidi. Ndani ya siku mbili tatu majike wengi hutoa yai, lakini bila dalili za joto, kwa hiyo usikate tamaa ukiona kumetulia. Baadhi hurudia baada ya siku kama sita, tena kimyakimya. Joto lenyewe utaliona kwa wingi kuanzia siku ya 17 hadi ya 20, kisha siku ya 24 hadi ya 26. Ndiyo maana nasema Novemba. Ukingoja Desemba, wengi watazaa Idd ya 2027 imeshapita.

Dume naye mtazame mapema. Mbegu huchukua wiki saba hivi kutengenezwa, kwa hiyo homa au jua kali la leo utaliona baadaye majike wakirudia joto. Mpe kivuli na maji, mpime korodani.

Mchunga wa Witu:
Wamaasai huwafunga madume ngozi chini ya tumbo wasipande kabla ya wakati. Mimi hupaka dume udongo mwekundu na mafuta kifuani. Jike aliyepandwa hubaki na alama mgongoni, na baada ya siku 17 nabadilisha rangi nijue nani amerudia.

Mama Mpeketoni:
Mwanangu, hata ulete dume wa namna gani, jike mwenye mgongo kama msumeno hatashika. Wiki tatu kabla ya dume, waongezee pumba za mahindi, machicha ya nazi kidogo kidogo na majani ya lusina, ule mti wa malisho. Endelea hivyo wakati wa kupandwa. Na jiwe la chumvi lisikosekane.

Mfugaji wa Ganda:
Shukran mama. Daktari, na hizo sponji?

Daktari wa Mifugo Kilifi:
Zina kazi yake. Sponji yenye homoni ya jamii ya projesteroni huwekwa ukeni siku 12 hadi 14. Siku ya kuitoa jike huchomwa sindano ya homoni itokayo kwenye damu ya farasi mwenye mimba, kipimo akipange daktari, maana ikizidi utapata mimba za watoto wengi ambao mama hawezi kuwalisha. Joto huja baada ya siku moja na nusu hadi mbili na nusu, wote kwa pamoja. Hapo dume mmoja hatoshi: panga mmoja kwa majike watano hadi kumi. Sindano hiyo ikirudiwa mara kwa mara, mwili huipinga na matokeo hushuka.

Kuna pia prostaglandini, homoni nyingine ya kuleta joto. Hiyo kwa jike aliyeacha kupata joto haisaidii, na kwa mwenye mimba huiharibu. Mjamzito au mwenye pumu asiiguse.

Na dawa ya minyoo ya albendazoli usiwape mwezi wa kwanza baada ya kupandwa, huharibu kijusi. Wape kabla ya dume kuingia.

Mfugaji wa Ganda:
Basi nitaanza na dume mgeni na chakula, sponji niziache kwanza. Nani ana dume wa Dorper wa kuazimana kuanzia Novemba, aliyepimwa ugonjwa wa kutoa mimba? Kumlisha na kumsafirisha ni juu yangu.

Mchunga wa Witu:
Ninaye. Atapimwa kwanza, kisha tuonane.