Riwaya inayotokea mwaka 1983: ni ya kihistoria au ya wakati wetu?

Mhariri:
Ndugu wanajamvi, ninahariri mswada wa riwaya inayotokea Dar es Salaam mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, yaani watu waliotuhumiwa kuficha au kulangua bidhaa zilizokuwa adimu. Sura ya kwanza inaanza na baba anayezika katoni za sabuni uani usiku wa manane huku mwanawe akimshikia kurunzi. Mchapishaji anataka jalada la nyuma liseme kuwa ni riwaya ya kihistoria, lakini mwandishi, ambaye enzi hizo alikuwa shule ya msingi, amekataa katakata kwa hoja kwamba mambo aliyoyaona kwa macho yake hayawezi kuitwa historia ilhali yeye bado yu hai. Je, kuna kipimo kinachokubalika, au kila mmoja hujipimia?

Mkutubi:
Kipimo kinachotajwa sana ni cha miaka 60. Walter Scott alipochapisha Waverley mwaka 1814, akisimulia uasi wa Scotland wa mwaka 1745, aliipa riwaya hiyo kichwa kidogo kinachosema kwamba ni miaka 60 imepita, na hadi leo tuzo ya Uingereza yenye jina lake hudai sehemu kubwa ya kisa iwe imetokea angalau miaka 60 nyuma. Kwa hesabu hiyo mswada wako ungesubiri hadi mwaka 2043. Binafsi sikidharau kipimo hiki, kwa sababu humsukuma mwandishi kwenye nyaraka na masimulizi ya wazee badala ya kuegemea kumbukumbu zake za utotoni tu.

Mwalimu wa fasihi:
Kwa heshima zote, ndugu Mkutubi, kipimo hicho kinavuja. Adam Shafi alichapisha Kuli mwaka 1979, kuhusu mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, yaani baada ya miaka 31 tu, na sioni utakavyoifundisha bila kuieleza historia ile. Kwa upande mwingine, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 ikizungumzia jamii iliyomzunguka mwandishi wakati huo. Zaidi ya nusu karne imepita, lakini umri haujaigeuza kuwa riwaya ya kihistoria, bali umeifanya kuwa ushahidi wa zama zake, jambo ambalo wanafunzi wangu hulichanganya kila mwaka. Kwa hiyo tuhesabu tangu kisa kilipotokea hadi kilipoandikwa, wala tusihesabu hadi kinaposomwa. Kuhusu mswada wako, tazama zile katoni za sabuni: msimulizi akiona haja ya kueleza kwa nini sabuni ilikuwa hatari kukutwa nayo nyumbani, basi amekwisha kukiri kwamba anamwandikia mgeni wa zama hizo.

Msomaji:
Mwalimu, hapo mwisho sikubaliani nawe, kwani mwandishi stadi wa riwaya ya kihistoria anaweza asieleze lolote na msomaji akaelewa. Mimi ningeuliza msimulizi anajua nini. Aliyeandika mwaka 1983 hakujua kwamba Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyeusimamia msako ule, angefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, wala kwamba kabla ya muongo huo kwisha maduka yangejaa tena bidhaa kutoka nje. Anayeandika leo anayajua yote mawili, na hata akiyanyamazia, ujuzi huo ndio unaomwongoza kuchagua kipi kiingie na kipi kiachwe. Kuwa kwake hai hakubadilishi hilo. Shafi naye alikuwa mtoto wa miaka minane makuli walipogoma.

Mhariri:
Nashukuru. Katika sura ya tisa, miezi kadhaa kabla ya Aprili 1984, msimulizi anadokeza ajali ile kana kwamba imeshatokea. Nitamwonyesha mwandishi ukurasa huo, kisha achague: aufute, au akubali maneno ya mchapishaji.