Naomba ushauri: piki-na-roli yetu inakwamia kwenye kizuizi

Wakuu, habari zenu. Nafundisha timu ya kikapu ya vijana hapa Temeke. Mashambulizi yetu yote nimeyajenga kwenye piki-na-roli: senta anamwekea kizuizi beki anayemkaba mwenye mpira, kisha anageuka mbio kuelekea ringi.

Tatizo, kijana wangu anayechezesha timu hana uhakika na mitupo ya pointi tatu. Wapinzani wameshalijua hilo. Beki wake anapita nyuma ya kizuizi na kumsubiri upande wa pili, na senta akifika ringini anakuta watu wawili wameshajaa. Sekunde 24 za kila shambulizi zinatuishia mkononi.

Huwa nawaonyesha video za Stockton na Malone wa Utah Jazz, wale wa fainali za NBA za 1997 na 1998. Malone, ndiye aliyekuwa anaweka kizuizi, hakukimbilia ringi kila mara. Aliweza kusimama umbali wa kati akatupia. Senta wangu ana mkono mzuri kutoka hapo. Nimruhusu? Au kizuizi tukishushe karibu na mstari wa mitupo huru, beki akipita nyuma kijana awe tayari kwenye umbali anaouweza?

Na hawa wa pembeni wanaoufuata mpira badala ya kubaki kona, mnawazoeza vipi?