Mrejesho: cheni mpya kuruka, na kibadili gia cha spidi 9 kwenye baiskeli ya spidi 8

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini cheni mpya inaruka nikikanyaga kwa nguvu kwenye spoketi ndogo za nyuma, na kama kibadili gia cha nyuma cha Shimano cha spidi 9 kitakubali kwenye baiskeli yangu ya spidi 8.

Aliyesema kaseti (fungu la spoketi za nyuma) imelika amepatia. Nilipima cheni ya zamani kwa rula: pingili 24 zikiwa mpya ni milimita 304.8, zile zilikaribia 308. Meno ya kaseti yalikuwa yamelika kuifuata, kwa hiyo cheni mpya haikupata pa kukaa. Nimefunga kaseti mpya ya spidi 8, kuruka kumekwisha kabisa.

Mwenye shida kama yangu aangalie kwanza habu yake, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Friwili, yaani fungu la spoketi linalokazwa kwenye habu kwa nyuzi kama skrubu, na kaseti ya kuchomeka hazibadilishani hata idadi ya gia ikilingana, na muuzaji si lazima akuulize.

Kibadili gia nacho kimekubali, na kinatulia kuliko kile changu cha zamani kilichopinda. Hatua za waya zinapangwa na swichi ya kwenye usukani, na vibadili gia vya Shimano vya spidi 8 na 9 huvutwa kwa uwiano uleule (waya ukivutwa kiasi kilekile, vyote husogea umbali uleule). Vya spidi 10 vya baiskeli za milimani ni habari nyingine, msijaribu.

Spoketi ya mbele bado ni ileile. Inapiga kelele kidogo lakini hairushi cheni, nimeiacha.