Goti linauma nikishuka na ski, mchana ndiyo balaa. Niache au kuna namna?

Sengerema_Kaskazini:
Wakuu, habari za huko mliko. Naomba ushauri, hasa kwa mlio Ulaya na Kanada mnaoijua theluji.

Mimi ni mtu wa Mwanza, naishi Lillehammer, Norwei. Watoto wa huku huvalishwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, wakiwa wadogo mno, na wangu nao wameshapotelea huko. Nami nikajifunza ukubwani, maana sikutaka kuwa mama wa kubaki chini na chupa ya chai wakati wanangu wako juu. Tunakwenda Hafjell, ule mlima wa mashindano ya slalomu, yaani kuteleza kwa kukata kona, katika Olimpiki ya 1994. Njia za kijani na bluu, yaani zile rahisi, nazimudu.

Shida ni goti la kulia. Linauma mbele, kuizunguka ile pia ya goti. Asubuhi sina neno. Tukishakula mchana, kila nikikata kona kuelekea kushoto linachoma. Usiku nikishuka ngazi lazima nishike ukuta, na nikikaa muda mrefu kwenye gari, kuinuka ni kazi. Sijaanguka na halijavimba. Nina miaka 43, kazi yangu ni kuhudumia wazee, kutwa nzima nimesimama.

Kwa sasa navaa soksi ya goti ya duka la dawa na kumeza ibuprofeni ya kutuliza maumivu kabla ya kupanda. Likizo ya shule ni Februari na watoto wanahesabu siku. Nifanyeje?

Mzee wa Pangani:
Pole binti yangu. Goti halina spea. Mchezo wenyewe si wa kwetu, waachie wenyewe. Watoto watakuelewa.

MwekaGate:
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe.

Dada, mimi naongoza wageni Kilimanjaro, na maumivu hayo nayaona kila msimu. Mgeni anapanda siku kadhaa bila kulalamikia goti. Anafika Uhuru, mita 5,895, halafu siku hiyohiyo anateremka hadi kambi ya Mweka, zaidi ya mita 2,700 chini. Jioni amekaa kwenye jiwe ameshika magoti, na anaonyesha palepale unaposema wewe. Kupanda kunamaliza pumzi, kushuka kunamaliza magoti. Sisi tunawapa fimbo mbili na kuwaambia hatua fupi, goti likunjwe kidogo, wasitue na mguu ulionyooka. Hizo fimbo zako za ski huziegemei?

Nyonga_na_Goti:
Shikamoo mzee wangu, na pole dada. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, nipo Gothenburg, Uswidi. Kukupima kwa simu siwezi, ila maelezo yako yamenyooka, kwa hiyo nitasema ninachoweza.

Kwanza nijibu hili: goti huwa linakwama, yaani haliendi mbele wala nyuma? Huwa linalegea ghafla kama linataka kukuangusha? Yakiwepo hayo, au likianza kuvimba, muone daktari kabla ya theluji. Na siku ukianguka kwa kujipinda, ukasikia "pwa!" na goti likavimba ndani ya saa chache, usijaribu kuteleza hadi chini. Kaa hapohapo, waite waokoaji wa mlimani. Huenda imekatika ile kano ya ndani inayowatoa wachezaji mpira uwanjani.

Yasipokuwepo, maumivu ya mbele yanayozidi ukishuka ngazi na ukikaa sana mara nyingi hutoka kwenye pia ya goti na mfupa wa paja ulio nyuma yake. Ukishuka, msuli wa mbele wa paja unafanya kazi ya breki: unavuta huku unarefuka. Unapovuta, unaikandamiza pia ya goti kwenye mfupa, na goti likikunjwa zaidi mkandamizo unaongezeka. Asubuhi msuli una nguvu. Mchana umechoka, makalio yanarudi nyuma, uzito unahamia visiginoni, na paja linabeba mwili mzima kama mtu aliyekalia kiti kisichokuwepo. Ndiyo maana maumivu yako yana saa yake.

Na kona ya kushoto: ukikata kushoto, mguu wa nje ni wa kulia, na mguu wa nje ndio unaobeba. Kwa hiyo huna ugonjwa wa kona. Ni mguu wa kulia unaoelemewa.

Kaka MwekaGate, kwa mtembeaji uko sahihi. Kwenye ski za kushukia fimbo ni za mizani na kupima kona, hazibebi uzito. Mzigo wote uko pajani, basi paja ndilo tulijenge.

Soksi ya goti vaa kama inakupa joto na imani. Ibuprofeni kabla ya kupanda sikushauri hata kidogo. Inazima taarifa ambayo ungeihitaji saa nane mchana, na haina urafiki na mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha.

Mazoezi, mara tatu kwa wiki kuanzia leo: simama kwenye ngazi moja kwa mguu wa kulia, shusha kisigino cha kushoto taratibu kiguse sakafu, rudi juu. Fanya mbele ya kioo uone goti lisielekee ndani. Kisha egemea ukuta, shuka nusu tu, kaa hapo hadi paja liwake. Kisha nyonga: lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka. Watu wanaisahau nyonga, kumbe ikiwa dhaifu goti linaanguka ndani. Maumivu kidogo, tuseme tatu kwa kumi, si tatizo ikiwa kesho yake asubuhi yametulia. Yasipotulia, punguza.

Halafu Norwei tangu 2018 unaenda kwa fiziotherapia bila barua ya daktari. Weka miadi.

MkenyaInnsbruck:
Mzee, shikamoo. Kuhusu mchezo kutokuwa wetu: Philip Boit wa Kenya alikimbia kilomita 10 za ski kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998. Alikuwa wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie, Mnorwei, alimngoja kwenye mstari akamkumbatia. Huo mchezo una mtu wetu.

Dada, sijaona umetaja viatu. Ni vya kukodi? Kikiwa kikubwa, mguu unaelea ndani, unashindwa kuegemea mbele, na unaangukia nyuma kulekule alikosema Nyonga_na_Goti. Muundi uguse ulimi wa kiatu muda wote. Nikihisi nafasi hapo mbele, najua nimeshakaa nyuma.

Vishikizo, vile vinavyofunga kiatu kwenye ski, navyo virekebishwe na fundi wa duka, kwa uzito wako, urefu, umri, urefu wa soli na kiwango chako. Mtajie uzito wa kweli. Vikikazwa kupita kiasi havifunguki ukianguka, na kinachojipinda ni goti. Ski za kuazima usizivae kabla fundi hajazigusa.

Mwisho, kama bado unashuka umebana ncha za ski ile "pizza" ya wanaoanza, unachosha paja na kuvuta upande wa ndani wa goti njia nzima. Lipia masomo machache ya kona za ski sambamba.

Sengerema_Kaskazini:
Jamani asanteni, nimesoma mara mbili. Halikwami wala halilegei. Viatu ni vya kukodi, kila safari jozi nyingine, na kisigino huwa kinanyanyuka. Pizza nayo naitumia kila mteremko ukizidi. Miadi nimeweka. Sasa ile wiki ya Februari niipangeje? Wanangu wakishapanda hawataki kushuka.

Nyonga_na_Goti:
Panda asubuhi, theluji ikiwa imara na wewe mbichi. Njia ya kwanza iwe ya kijani, ya kupasha misuli moto. Acha paja likianza kutetemeka, usingoje goti liseme. Watoto wakitaka kuendelea mchana na wapo na mtu mzima mwingine, wewe shuka na gondola, kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya. Usiteleze kushoto tu wala kukwepa kushoto, kata kona pande zote sawa. Siku ya tatu usipande kabisa. Lillehammer mna njia nzuri za ski za masafa, za aina ile ya Boit, pale uwanja wa Birkebeineren. Kwenye tambarare goti halibanwi kama mteremkoni, na watoto unakwenda nao. Jioni likichoma, barafu ndani ya kitambaa, dakika 15. Ukiamka limevimba, likizo ya mteremko imeisha, na hapo usibembelezwe na mtoto.

Mzee wa Pangani:
Marahaba nyote. Binti, nimesoma, nenda na wanao. Daktari, mimi magoti yananisumbua nikiinuka msikitini, na hospitali walisema gegedu limelika. Hilo zoezi la ngazi linanifaa?

Nyonga_na_Goti:
Linakufaa mzee wangu, ila usianze na ngazi. Anza kwa kuinuka kwenye kiti kirefu bila kusukuma kwa mikono, mara nane, pumzika, rudia. Ikiwa rahisi, tafuta kiti kifupi zaidi. Ngazi ije baadaye, iwe fupi, na mkono mmoja uwe umeshika ukuta.