Bonde la Msimbazi: maji yanayofurika Jangwani hutoka wapi?

Mkazi wa Kinyerezi
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Wakati wa kiangazi mto Msimbazi wa hapa Dar es Salaam ni kijito chembamba kinachojipenyeza katikati ya mchanga, lakini masika yakikolea Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, hata siku ambayo mvua ya mjini ni ya kawaida tu. Naomba kuelezwa maji hayo hutoka wapi, na ilikuwaje watu wakajenga makazi bondeni.

Msoma Ramani
Ndugu, maji hayo hutoka huko huko unakoishi. Mto huanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukateremka kwa kilomita zipatazo 35 kupitia Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, huku ukipokea mito midogo kama Ubungo na Sinza, hadi unapoingia baharini kwenye Daraja la Selander. Huko juu mteremko ni mkali na maji hukimbia na mchanga. Yakifika Jangwani, ambako ardhi ni tambarare, hupunguza mwendo, mchanga hutua na kina cha mto hupungua mwaka hadi mwaka. Mvua kubwa ya Pugu ikikutana na bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa sana, bahari nayo huzuia mlango, na maji hayana budi kutanda bondeni. Naomba tuzingatie pia kwamba kila uwanja unaosakafiwa Kinyerezi au Segerea huinyima ardhi nafasi ya kunywa maji, kwa hiyo mafuriko ya Jangwani huanza kutengenezwa kwenye viunga vya jiji, saa kadhaa kabla hayajaonekana.

Mzaliwa wa Magomeni
Nimwongezee ndugu yetu upande wa historia. Kwa muda mrefu bonde hili lilikuwa uwazi mpana kati ya Kariakoo na Magomeni, mahali pa mashamba ya mchicha, viwanja vya mpira na mikutano ya hadhara. Mashabiki wa Yanga wanajiita Watoto wa Jangwani hadi leo. Dar es Salaam, iliyokuwa na watu 272,821 katika sensa ya mwaka 1967, ilifikia 843,090 mwaka 1978 na 5,383,728 mwaka 2022, na upimaji wa viwanja haukuweza kwenda na kasi hiyo. Mtu mwenye kipato kidogo aliyetaka kuishi karibu na soko la Kariakoo alipata kiwanja cha bei nafuu bondeni, naye sioni haki kumlaumu peke yake, kwa kuwa hata karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande, mbali mno na shughuli zao za kila siku, hivyo baadhi zilirudi bondeni.

Mkazi wa Kinyerezi
Nawashukuru sana. Je, mradi wa sasa unagusa huku juu?

Msoma Ramani
Unagusa, ingawa sehemu kubwa inayoonekana iko chini. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa mwaka 2022 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia na washirika wengine, unahusu kuwalipa fidia na kuwahamisha wakazi wa bonde la chini, kuongeza kina cha mto na kujenga daraja la juu zaidi Jangwani, pamoja na kuhifadhi vyanzo vya maji. Kwa maoni yangu, hilo la mwisho ndilo la kufuatiliwa kwa karibu zaidi, kwani mchanga wa Pugu usipozuiliwa, mto utakaochimbwa leo utajaa tena.