Gesolei 1926: ya kupongeza au ya kulaani?

Mchokonozi: Wakuu, Gesolei mnaikumbuka? Düsseldorf, Ujerumani, 1926, maonyesho ya afya, ustawi wa jamii na mazoezi, Mei mpaka Oktoba, wameingia watu milioni 7.5. Mimi naipongeza, mfanyakazi wa kiwandani alionyeshwa kwamba afya sio mpaka uugue. Sio nyie mnakuja kubishana hapa kitambi kimetangulia.

TozoMpya: Kitambi changu umekilisha wewe?

Binti Mwanga: Si ndo ile ya yule tajiri wa dawa ya kusukutua mdomo?

Mzee Kifimbo: Hiyo Dresden 1911, Lingner wa Odol. Gesolei kinara alikuwa daktari wa watoto, Arthur Schlossmann. Na wewe Mchokonozi unaruka jambo makusudi, humo humo kulikuwa na sehemu ya urithi na "usafi wa mbari", yaani nani azae nani asizae, halafu Julai 1933 ikaja sheria ya kuwafunga watu uzazi kwa nguvu. Pongeza na hilo basi.

Mchokonozi: Schlossmann ana asili ya Kiyahudi, kafa 1932, unambebesha ya 1933?

Mzee Kifimbo: Nimemlaumu Schlossmann au nimetaja sehemu? Soma kwanza ndo upandishe mori.

Binti Mwanga: Dresden au Düsseldorf, yote si Ujerumani? Kilichobaki ni majengo tu, msanifu majengo Wilhelm Kreis kapanga matofali pale kando ya mto Rhine, lile jumba la kutazamia nyota sa hivi watu wanasikilizia muziki, Tonhalle. Afya imeondoka, tofali limebaki.

Mzee Kifimbo: Na huyo Kreis baadaye kamchorea Hitler makaburi ya wanajeshi, endelea kumsifia.

Binti Mwanga: Nimesifia tofali, babu.

TozoMpya: Naona swali langu mmelikwepa. Hawa wa "afya kwa wote" siku zote wanaanza na tumbo la mwenzao, leo kitambi kesho ataniuliza nimezaa na nani.

Mchokonozi: Ushaanza. Hakuna mtu kakugusa, kimbia hata kilomita mbili ujionee.

TozoMpya: Jogging zenu za Jumamosi nazijua, mnakimbia dakika ishirini na jezi za kufanana, mnaishia kwenye supu ya kongoro na chapati tatu tatu, wa kwanza kuagiza ni kapteni.

Mzee Kifimbo: Chapati tatu? Kapteni wetu anakula tano.

Mchokonozi: Kapteni ni mimi, na ni mbili.